Ardith Poteat na Gari Lisilonguruma

Ardith Poteat alikuwa mwoga. Si mimi ninayesema. Alisema mwenyewe, na kila mtu wa mji wetu wa Bascom Hollow alijua. Kabla ya kutoka nyumbani alirudi jikoni kuangalia kama jiko limezimwa, akafika mlangoni, akarudi tena. Barabarani aliendesha taratibu hata basi la shule likampigia honi. Radi ikipiga, alikaa kwenye ngazi za ndani, mbali na madirisha, amekumbatia magoti yake. Na mwoga huyo huyo, kila Jumamosi tangu baridi inapokatika mpaka majani yanapopukutika, alivaa suti nene ya wazima moto na kusimama kona ya pili ya uwanja wetu wa mbio za magari, pale ambapo magari hugonga ukuta zaidi kuliko mahali pengine popote.

Wageni walimshangaa. Sisi tuliojua habari za kaka yake hatukushangaa.

Kaka yake aliitwa Verlin. Siku alipopatwa na mauti alikuwa akiendesha gari kwenye mbio za uwanja huu huu, yuko nafasi ya tatu, na Ardith, msichana bado, alikuwa jukwaani na mama yao. Yeye ndiye aliyeuona moto mwanzo, ulimi mdogo wa rangi ya chungwa ukilamba chini ya tangi. Akapiga kelele. Akapiga mpaka koo likachanika. Lakini magari yale yakinguruma kwa pamoja, hata mawazo yako mwenyewe huyasikii. Mzima moto alisimama hatua chache tu chini yake, kamgeuzia mgongo, mtungi mkononi. Hakugeuka. Alipokuja kugeuka, gari zima lilikuwa limeshika moto.

Verlin alifia hospitali. Mwaka uliofuata Ardith alikwenda ofisi ya uwanja akaomba kazi ya kuzima moto. Walimcheka kidogo, kisha walipomwona usoni wakaacha. Siku za kazi alipika chakula cha wanafunzi shuleni. Jumamosi alikuwa kona ya pili. Hivyo ndivyo alivyozeekea pale, na mara mbili aliwatoa watu motoni kwa mikono yake.

Mimi nina kibanda cha soseji chini ya jukwaa. Wanaopita kununua mkate wenye soseji na kabichi juu hawaondoki. Husimama hapo na chai yao baridi wakabishana mpaka bendera ya kijani ya kuanzisha mbio ishuke. Mwaka jana, wenye uwanja walipotangaza kwamba siku ya mwisho ya msimu, kabla ya mbio kubwa, kutakuwa na mbio fupi za magari ya umeme, kibanda changu kiligeuka bunge.

Upande mmoja alikuwa Garvin Sechrest, fundi wa kuchomelea vyuma, mtu wa sauti nene ambaye babu yake na baba yake waliunda magari ya mbio, naye akaunda. Upande wa pili alikuwa Royce Lineberger, aliyeendesha lori la maziwa maisha yake yote, na alipostaafu akanunua pikapu ya umeme.

"Hilo lako ni gari au blenda?" Garvin alimwuliza, akimnyooshea soseji kama kidole. "Nililisikia likipita karibu na gereji yangu. Wiiii! Nikasema, jamani, mke wa Royce anasaga matunda barabarani."

"Blenda yangu ilikuacha kwenye taa Jumanne," Royce akamjibu. "Uliona taa za nyuma tu, mzee. Usijifanye umesahau."

Watu wakacheka.

"Babu yangu alibeba gongo kwa gari kwenye milima hii polisi wakimfukuza," Garvin akasema. "Mchezo huu umezaliwa humo! Umezaliwa na injini. Leo unaniambia nikae jukwaani niangalie pasi za umeme zikizunguka?"

"Babu yako angekuwa na gari lisilopiga kelele, Garvin, polisi wangemsikia wapi? Angekufa tajiri."

Hapo hata Garvin alicheka, lakini kicheko chake hakikudumu. Akaweka mkate wake juu ya kaunta yangu, akaangalia jukwaa.

"Cheka tu, bwana. Zamani hapa watu walikuwa wanakaa juu ya mapaa ya magari yao kwa kukosa nafasi. Angalia sasa. Uwanja wa Pruitt umeota magugu. Ule wa ng'ambo ya mto wamejenga maghala. Tumebaki sisi. Wakituondolea na ngurumo, kitabaki nini? Tutajiita watu wa wapi?"

"Hilo hilo ndilo linaloninyima usingizi," Royce akasema, safari hii bila utani. "Vijana hawaji. Tukikataa kila kipya, tutazikwa na petroli yetu, na hakuna atakayekuja mazishini."

Kilichofanya ubishi ule uume ni kwamba mmoja wa madereva wa yale magari ya umeme alikuwa Marlys, binti wa pekee wa Garvin. Alikuwa amejifunza kuendesha katika magari ya baba yake, na alipopewa nafasi hakuomba ruhusa. Tangu siku hiyo baba na binti hawakula meza moja.

Mtu mmoja, ili kuondoa ule uzito, akamgeukia Ardith aliyekuwa akingojea chai yake. "Bi Ardith, na wewe? Uko upande gani?"

"Mimi ya injini siyajui," Ardith akasema. "Mimi nataka kujua moto wake ukoje."

Jibu alilipata wiki chache baadaye, alipokuja mwalimu wa kuwafundisha wazima moto. Ardith alinisimulia kesho yake, mikono imeshika kikombe asikinywe. Magari yale yana taa ndogo juu ya paa. Ikiwaka kijani, unaweza kuligusa. Ikiwaka nyekundu, umeme umevuja kwenye bodi, na anayeligusa gari huku amekanyaga ardhi anaweza kufa hapo hapo. Dereva mwenyewe hatakiwi kushuka. Anatakiwa kuruka, miguu yote miwili kwa pamoja, asiguse chini huku bado ameshika gari. Wakapewa glavu za mpira zinazofika viwikoni.

"Nikamwuliza yule mwalimu, na betri ikishika moto tunaizimaje? Akaniambia, hamuizimi. Mnaipoza kwa maji mpaka ichoke yenyewe. Na ikishachoka, inaweza kuwaka tena." Akaniangalia. "Moto wa petroli naujua. Ni adui, lakini namjua. Huyu simjui."

"Basi waambie safari hii hutaki," nikamwambia. "Nani atakulaumu?"

"Na pale kwenye kona asimame nani?"

Siku yenyewe ilikuwa ya jua na upepo mkavu. Jukwaa lilijaa kuliko miaka mingi, nusu wamekuja kushangilia, nusu wamekuja kuzomea. Garvin alikuwa ameapa kwamba hatatia mguu uwanjani mpaka mbio za kweli zianze. Nilimwona akiingia mapema, kofia imeshushwa usoni, akakaa safu ya chini kabisa karibu na uzio, peke yake.

Magari manane yakatoka. Sijui niuelezeje ukimya ule. Haukuwa kimya hasa: matairi yalilia, upepo ulivuma, na chini yake kulikuwa na mlio mwembamba kama wa mbu wakubwa. Lakini kwetu tuliozoea kifua kutikisika, ilikuwa kama kuona watu wakipigana nyuma ya kioo. Walianza kuzomea. Halafu magari yakakaza mwendo, na kuzomea kukafa, kwa sababu yalikuwa na kasi ya kutisha. Mama mmoja kando ya kibanda changu alishika mdomo. Yalikuwa yanakuja kama kitu cha ndotoni, hujakisikia na tayari kimekupita.

Kwenye kona ya pili gari moja liliteleza, likamgusa Marlys nyuma ubavuni. Gari lake likapinda, likapanda mwinuko wa kona, likagonga ukuta kwa upande wa kulia. Tulisikia kila kitu: chuma kikikunjika, vioo, kipande cha tairi kikidunda lami. Kwenye mbio zetu za kawaida ajali huiona tu. Hii tuliisikia mpaka mwisho, kisha tukasikia sauti ya Marlys.

"Baba!"

Ardith alikuwa tayari anakimbia. Alisimama hatua chache kutoka kwenye gari, akatazama juu ya paa. Taa haikuwa kijani wala nyekundu. Ilikuwa imevunjika.

Baadaye aliniambia kwamba pale alitaka kwenda mbele, miguu ikakataa. Alimwona Marlys ameshusha wavu wa dirishani, kofia imekaa upande, macho yamelegea, anatoa mguu mmoja nje kutafuta ardhi kama mtu anayeshuka kitandani.

"Usikanyage!" Ardith akapiga kelele. "Marlys! Usikanyage chini! Rudisha mguu!"

Mguu ukasimama hewani. Marlys alimsikia. Na jukwaa zima lilimsikia, watu wote wale, hakuna aliyekohoa.

"Siwezi kuruka," Marlys akasema. "Mguu mwingine umevunjika, Bi Ardith. Siwezi."

Kisha kukaja mlio mwingine, kutoka chini ya gari. Sssss, kama mafuta ya kukaangia yakidondokewa na maji. Halafu pa, pa, pa, taratibu. Moshi mweupe ukaanza kutambaa kwenye lami.

Garvin alikuwa juu ya uzio, vidole vimeingia kwenye waya. "Mtoe! Mtoe, kwa jina la Mungu!"

"Baba, usije!" Marlys akalia. "Baba, usiguse!"

Wenzake Ardith walikuwa wanakuja mbio na ndoano ndefu ya plastiki ya kumvutia mtu, lakini walikuwa bado mbali, na ule moshi haukuwa unangoja. Ardith akavuta glavu zake mpaka viwikoni.

"Nisikilize, mwanangu," akasema. "Panda ukae dirishani. Shika paa. Pandisha magoti yote mawili. Hivyo. Usinitazame miguuni, nitazame usoni. Sasa jiachie uniangukie."

"Nitakuua."

"Niangukie!"

Marlys akajiachia. Akamwangukia Ardith kifuani, wote wawili wakaenda chini, na Ardith akaanza kumburuta kwa mgongo, akijisukuma kwa visigino, bila kuinuka. Hawakuwa wamefika mbali moto ulipotoka. Haukutoka kama moto wa petroli, unaopanuka kama shuka. Ulitoka kwa kishindo, ukirukia pembeni, mweupe, kama wa tochi ya kuchomelea, na uliingia moja kwa moja kwenye kiti alichokuwa amekalia yule binti.

Hakuna aliyeshangilia. Wazima moto walimwaga maji, wakaleta gari la pili la maji, wakamwaga tena. Gari la Marlys lilipoonekana limezimika, likawaka upya, na jukwaa likaguna lote kwa pamoja. Mbio kubwa zikafutwa. Jua lilikuwa linashuka nyuma ya vilima na bado wanamwagia.

Mafundi waliolikagua gari walisema huenda umeme ulikuwa umejikata wenyewe pale lilipogonga, na kwamba mtu angeligusa asingedhurika. Huenda. Ardith aliposikia hivyo alitikisa kichwa tu. "Pale mimi sikuwa na huenda," akasema.

Ubishi haukuisha, ulipata kuni mpya. Wa petroli walikuja kibandani wakisema, "Si mmeona? Hayo ni majeneza." Royce akawajibu kwamba kwa petroli, tangi likipasuka vile, yule binti asingepata hata nafasi ya kusema siwezi. Wakamgeukia Garvin awasaidie. Garvin alikuwa amesimama pembeni, hajala.

"Nyamazeni," akasema. "Nyote. Nyamazeni kidogo."

Majira ya baridi yale alikwenda shuleni, akaingia jikoni kwa Ardith kwa mlango wa nyuma, kofia mkononi. Ardith alidhani amekuja kushukuru, na hakupenda kushukuriwa. Lakini Garvin alisema, "Marlys mguu umepona. Anasema atarudi kwenye lile lile gari. Nimemkatalia, nimemsihi, nimelia mbele yake. Hasikii."

"Sasa unataka nimwambie mimi?"

"Hapana. Nataka unifundishe kazi yako. Nimeogopa yale magari kwa sababu za kijinga, Ardith. Sasa nayaogopa kwa sababu ya kweli, na siwezi kukaa jukwaani na woga huu. Utanila."

Ardith akaendelea kumenya viazi kwa muda. "Utazidi kuogopa," akasema. "Mimi woga wangu haujawahi kupungua hata siku moja."

"Najua."

Mwezi wa tano magari ya umeme yalirudi. Watu walikuwa wachache kuliko mara ya kwanza, na hakuna anayejua kama mwaka kesho tutakuwa na uwanja au maghala. Kona ya pili walisimama wawili: Ardith, na pembeni yake Garvin, ndani ya suti isiyofunga tumboni, uso umepauka kama unga.

Nilikuwa nimewapelekea maji nilipoyaona magari yakitokea kwenye kona ya kwanza, yanakuja na ule mlio wao wa mbu, la Marlys likiwa la pili. Garvin akafumba macho.

Ardith akampiga kiwiko cha mbavu.

"Fumbua," akamwambia. "Hapa hatufumbi macho."