Neno Lililozaliwa Busia

Jumatatu nilipigiwa simu kutoka Malaba, mpakani mwa Kenya na Uganda, nikaambiwa mwalimu ametutoka. Wengi wenu mnamjua bila kumjua: ndiye aliyetunga fumbo la maneno la gazeti moja la Jumapili, lile la miraba myeupe na myeusi, kwa miaka mingi, na jina lake halikuchapishwa hata mara moja. Alifundisha Kiswahili shuleni Angurai hadi akastaafu, kisha akahamia Malaba kwa dada yake. Nilienda kumzika nikiwa na huzuni; nimerudi na hasira.

Alipenda majibu mafupi yenye maana nyingi. Neno lake la kila mara lilikuwa kaa: la moto jikoni, wa baharini, na lile tunalomwambia mgeni tukimsogezea kiti. Madereva waliokwama kwenye foleni ya malori walikuwa wakimtafuta awaamulie. Siku moja niliwakuta wawili, Mganda na Mkenya, wakibishania paa. Mmoja akishikilia kuwa ni mnyama, mwenzake kuwa ni sehemu ya nyumba. Mwalimu aliwaambia wote wako sawa, kisha akawaongezea kwamba ndege naye hupaa, na mpishi hupaa samaki magamba. Foleni ikasogea, wao wamesimama wanacheka.

Baadaye akatunga swali: usafiri uliozaliwa mpakani. Jibu, bodaboda. Mhariri akalikata. Mwalimu akapanda basi hadi jijini kumwona, nami nikamsindikiza. Mhariri alimpokea kwa upole.

“Mama, hilo ni neno la mtaani,” akasema. “Wasomaji wetu wanataka Kiswahili sanifu.”

Mwalimu akamweleza jinsi vijana wa baiskeli pale Busia walivyowavusha wasafiri kati ya kituo cha Kenya na cha Uganda, wakiita “boda, boda,” yaani mpaka hadi mpaka, Kiingereza kilicholainishwa na midomo yetu. Yeye mwenyewe alibebwa hivyo, mzigo mapajani. Mhariri akatikisa kichwa.

“Meza uliyoiegemea ni neno la Mreno,” mwalimu akamwambia. “Shule uliyosomea ni neno la Mjerumani. Hayo yamepita. La kwetu ndilo linalozuiwa?”

Mhariri akatabasamu, akatazama saa yake.

Haukupita muda fumbo lake likaondolewa, likawekwa linalotungwa na kompyuta. Humo kaa ni mnyama wa baharini, basi. Na gazeti lilo hilo leo huandika bodaboda ukurasa wa mbele bila haya, wala hakuna aliyempigia mwalimu kumwambia alikuwa sahihi. Mazishini hawakutuma mtu. Alipokuwa hai niliwahi kumuuliza kama neno lile lililokatwa bado linamuuma.

“Si neno lililoniuma,” alinijibu. “Ni kuambiwa kwamba waliolizaa hawajui kusema.”

Hapo ndipo hasira yangu ilipo. Mtu wa huku kwetu, wa Moding au Namboboto, akifungua kinywa ofisini, anasahihishwa kabla ya kusikilizwa, halafu tunashangaa mbona ananyamaza barazani. Kiswahili chetu cha huku kina makosa yake, sikatai; mwalimu aliyasahihisha maisha yake yote. Lakini alimwacha mtu amalize kusema, akaelewa alichotaka, ndipo akashika kalamu nyekundu. Sisi tuliobaki na kalamu hatuna ruhusa ya kuanzia mahali pengine.