Sikio la Sungura wa Mama Mkwe

Iko siku moja hainitoki moyoni, mwanangu. Ilikuwa miaka ya tisini, nami nimeolewa Kakuma juzijuzi tu. Mama mkwe wangu alikuwa mjane, na ukame ulikuwa umemmalizia mbuzi wote. Aliyebaki naye ni sungura mmoja, zawadi ya jirani Msudani kutoka kambi ya wakimbizi. Alilala naye chumba kimoja, akamsemesha kama mtu. Watu walicheka, yeye hakujali.

Sungura akaugua sikio. Likanuka, kichwa kikaenda upande, akawa anazunguka na kuanguka, mwisho akakataa hata majani. Mama akaniomba nimpeleke Lodwar kwa daktari wa mifugo. Nilikuwa na mimba, nimechoka, lakini nilipanda basi naye ndani ya kikapu.

Daktari alichungulia, akanieleza kwamba usaha wa sungura ni mzito kama maziwa yaliyoganda, hautoki kwa dawa peke yake. Akamchoma sindano ya usingizi, akapasua njia ya sikio, akaukwangua usaha wote, kisha akakiacha kidonda wazi makusudi ili uchafu upate pa kutokea.

"Kazi yangu imeisha," akaniambia. "Yako ndiyo inaanza. Usipokisafisha kila siku kitaziba, na usaha utarudi."

Macho ya mama yalikuwa hafifu, basi kazi ikawa yangu. Asubuhi maji ya chumvi, jioni tena, mgongo unauma na mnyama ananipiga mateke. Kidonda kikapona. Sungura akala. Lakini kichwa hakikurudi. Kilibaki upande vilevile. Nilipoona hivyo niliketi chini nikalia, nikamwambia mama nimejichosha bure.

Alikuwa anamlisha majani. Akasema taratibu, "Nilikuomba aishi, ale. Nani alikuomba umnyooshe?"

Niliinuka nikaingia ndani. Nililala mchana kutwa, na hakuna aliyeniamsha.

Wewe unayemkanda baba aliyepooza, au unayemlisha mtoto asiyeweza kuketi, nisikilize. Huenda asirudi alivyokuwa. Usimdai mwili wake wa zamani kuwa malipo ya uchovu wako. Akila, akikutazama, umefanya kazi. Na ukichoka, sema umechoka, ulale.

Mungu akupe usingizi mzuri, mwanangu, na siku yako ya kuuguzwa ikifika, akupe mikono isiyokudai kitu.