Yamini ya Dalali Msabah

Msinambie habari za kaka yangu kama hamkuwahi kumsikia akinadi samaki. Nyinyi mnamjua huyu anayekaa kibarazani na kitambaa shingoni, anayetoa pumzi ya koo pahala pa maneno. Mie nnamjua Msabah mwenyewe, dalali wa diko la Uroa, pale ngalawa zinapoteremsha samaki, miaka thalathini na moja. Akifungua mnada pale pwani, wanawake walioko huko juu barabarani wanajua kama wameingia changu au pono, na hakuna aliyenyanyua mguu kwenda kutazama.

Kazi ile hakurithi wala hakupewa. Dalali wa zamani alikuwa akiwapunja wavuvi, siku moja wakatoleana visu juu ya fungu la nguru, na Msabah akapanda juu ya ngalawa iliyopinduliwa akaanza kunadi nguru wale wale kwa sauti iliyowafanya wote wageuke. Mpaka alipomaliza, visu vilikuwa vimesharudi viunoni. Kesho yake wakamfuata nyumbani.

Udalali ni kuaminiwa, basi. Mvuvi anakukabidhi samaki wake na hakuna karatasi. Msabah akiokota samaki aliyelala anamnyanyua juu, anapiga kelele, "Huyu wa jana huyu, asidanganyike mtu!" Hata akiwa samaki wangu mie dada yake! Nnakaanga samaki pale pale dikoni, na ukoo wetu si wa watu wapole, kwa hivyo tulitukanana kila asubuhi na kila adhuhuri tukala sahani moja. Mkewe alishatangulia mbele ya haki, mie mume wangu nlimfukuza, tumebaki wawili.

Simu zilimzunguka. Wageni wa mahoteli walimrikodi, wanunuzi wa mjini walimrikodi, watu wa diko walimrikodi wakatia kwenye grupu. Naye alipenda, sitawadanganya, alipenda sana. Akiona simu imenyanyuliwa anaongeza madaha.

Sasa hapo jirani yetu Mahfoudh alikuwa na juya, ule wavu wa kukokota uliopigwa marufuku kwa kuwa unakwangua mpaka watoto wa samaki. Mahfoudh na kaka yangu walisoma chuo kimoja cha Kurani, walitahiriwa wiki moja. Alhamisi moja ikaja boti ya doria, wakalikamata juya, wakalimwagia petroli pale pale mchangani wakalitia moto. Mahfoudh alisimama akalitazama mpaka likawa majivu.

Jumamosi asubuhi Msabah yumo katikati ya mnada, kamshika changu mkononi. Simu zikaanza kulia, moja, mbili, kumi. Sauti imeingia kwenye grupu la diko. Watu wakafungua, na wallahi nakuapieni, sauti ya kaka yangu ikatoka kwenye simu zote zile huku yeye mwenyewe kasimama mbele yetu anataja bei.

"Jamani, nani mjinga?" ilisema simu. "Doria nimewaita mie. Mahfoudh alidhani atakokota juya maisha? Wavu wake nimeuchoma mie, na haja yangu nimeipata." Kisha ikacheka.

Ilikuwa sauti yake. Mie wa tumbo moja naye, nliisikia nkaacha samaki wakaungua kwenye karai. Angenyamaza pale, labda. Lakini Msabah alidhani ni mzaha wa watu wa diko, akacheka, na kile kicheko kikawa ndicho kile kile kilichotoka kwenye simu.

Mahfoudh aliokota kafi la ngalawa. Pigo la kwanza lilimpata mdomoni, nikaona meno yakiruka yakaangukia kwenye fungu la samaki. La pili likavunja taya, mlio wake niliusikia. Alipoanguka, wengine wawili wakamshika mikono na Mahfoudh akampanda kooni kwa mguu, kwa uzito wake wote, anamwambia, "Sema sasa! Sema tena!" Watu mia pale, watu aliowauzia samaki umri wao wote, na hakuna hata mmoja aliyesema basi. Wengine walikuwa wakimpiga mateke kwenye mbavu. Mie nlinyanyua karai la mafuta yanayochemka nkammwagia mmoja wao mgongoni. Ngozi ilimvuka. Sijutii, na hata hakimu nlimwambia sijutii; aliyeungua hakunishtaki, maana angeulizwa alikuwa akifanya nini pale.

Hospitali mjini walimfunga taya kwa waya. Daktari akanambia taya litaunga, lakini koromeo limesagika, sauti haitorudi. Nlimuuliza haitorudi mpaka lini. Akaandika dawa ya maumivu.

Mahfoudh na wenzake wawili walikamatwa, wakatoka kwa dhamana, kesi ikapangwa, ikaahirishwa, ikaahirishwa tena. Polisi waliitafuta namba iliyorusha ile sauti. Imesajiliwa kwa jina la mtu aliyekufa miaka sita nyuma huko bara. Basi, wakaishia hapo. Nani aliyefanya, kwa nini, mpaka leo hatumjui, na nkimjua mtanisikia kwenye redio.

Huku Uroa watu walishahukumu. Samaki wangu hawanunuliwi, mlango wetu umepakwa kinyesi. Msabah anatoa salamu ya mkono, watu wanageuza shingo. Taya na koo alivumilia. Hili la kuitwa msaliti wa diko ndilo lililokuwa likimmaliza, alikuwa anakonda nnamuona.

Shekhe wa msikiti wetu ndiye aliyeingia kati. Akasema Msabah ale yamini, aape mkono juu ya msahafu, Ijumaa baada ya sala, mbele ya watu wote. Kwetu sisi hilo likishafanywa hakuna wa kuongeza neno, maana mwenye kuapa uongo anajulikana atakavyokwisha. Na Mahfoudh, nampa haki yake, alikubali.

"Akiapa, ntamuomba radhi mbele za watu," alisema. "Na mahakamani ntakiri nlimpiga bila ya kosa, wanifunge. Lakini yamini inasemwa kwa ulimi ikasikika. Sauti ndo iliyonichoma, na sauti ndo itakayomsafisha."

Hapo sasa! Mtu umemsaga koo mwenyewe, halafu unamtaka aape kwa sauti.

Msabah aliandika kiapo chake kwenye daftari, kwa mkono wake, machozi yakimdondokea karatasini mpaka wino ukachuruzika. Mie nkaichukua karatasi ile nkenda nayo mjini, Darajani, kwa Hasnain. Hasnain anatengeneza simu kwenye kiduka alichokuwa babu yake akitengenezea saa, na ni yeye peke yake aliyenambia tokea mwanzo kuwa sauti ile imetengenezwa.

"Bi Bashira, hii ni akili mnemba," alisema. "Nipe dakika tatu za mnada wake, unitazame."

Dakika tatu! Mtu kajenga sauti miaka thalathini, kwa jua na kwa chumvi. Nlimpa simu yangu yenye minada yake tele. Akabonyeza, akaandika maneno ya kwenye daftari, chai aliyoniagizia haijapoa, na kaka yangu akasema mle dukani. Nlilia kwa sauti mpaka wapita njia wakachungulia. Nkamwambia izime. Kisha nkamwambia iwashe tena.

"Hii mpelekee hakimu," alinambia Hasnain. "Aone kwamba sauti ya mtu inatengenezwa. Msikitini usiipeleke, dada yangu, nakuomba. Watu hawatokuelewa."

Sikumsikiliza. Nlijifanya najua mie! Niliona maneno ni ya Msabah, mkono ni wa Msabah, msahafu ni msahafu, sauti ni yake, kuna kosa gani? Hakimu kila siku anasema mwezi ujao, na Mahfoudh keshaahidi kukiri. Hata Msabah mwenyewe nlipomsikilizisha alifumba macho, kisha akainamisha kichwa, sawa.

Ijumaa ile uwanja wa msikiti ulijaa, na sisi wanawake tulisimama upande wa kisimani. Shekhe akamfungulia Msabah msahafu. Msabah akaweka mkono wa kulia. Mie nkaipandisha simu juu, nkabonyeza.

"Wallahi, wabillahi, watallahi," ikasema sauti ya kaka yangu. "Mie Msabah sikuwaita doria, sikulichoma juya la Mahfoudh, wala maneno yale hayajatoka kinywani mwangu. Nkiwa nasema uongo, Mwenyezi Mungu anihukumu."

Kwa muda mfupi niliona tumeshinda. Wazee wawili walikuwa wakifuta machozi. Mahfoudh mwenyewe alipiga hatua mbele, na mikono yake ilikuwa mitupu, nadhani alikuwa anakwenda kumkumbatia. Kisha akasimama.

"Mdomo wake haukufunguka," alisema, taratibu. Akanigeukia. "Kumbe mnayo. Mashine ya kuwasemea watu mnayo nyinyi!"

Astaghfirullah, ilivyoripuka! Wanasema tumeapisha shetani juu ya kitabu cha Mungu. Shekhe aliukumbatia msahafu akasukumwa akaanguka nao. Mahfoudh alinikamata buibui akaniburura kwenye saruji, nkaishikilia simu, basi akanikanyaga mkono na simu humo humo, mara tatu, mara nne, vidole vikavunjika viwili na kioo kikaniingia kiganjani. Nlimng'ata mguu mpaka nkaonja damu. Msabah alikuja kunilalia juu ili wampige yeye. Wakampiga yeye. Taya lililokuwa limeanza kuunga likafunguka upya, na mtu mzima yule alikuwa akitoa mlio wa mbuzi anayechinjwa, wala hakuna aliyejali.

Polisi walipofika walinikamata mie. Simu ikaokotwa vipande, ikawa kielelezo. Nikashtakiwa kutengeneza sauti ya mtu kwa mashine na kusababisha fujo. Ikasikilizwa pamoja na kesi ya Mahfoudh, maana wakili wake aliomba iwe hivyo, na tulipofika mbele nkaelewa kwa nini aliomba.

Hakimu alikuwa mtu mwema, siwezi kumsingizia. Alisikiliza sauti zote mbili, ya dikoni na ya msikitini, akavua miwani, akasema, "Sheria niliyonayo inaniuliza nani kasema. Hainambii nifanyeje kama hakuna aliyesema." Mtaalamu aliyeitwa alieleza kuwa ya msikitini ni ya mashine, hilo halina shaka kwani mshtakiwa mwenyewe kakiri. Ya dikoni hawezi kuhakikisha, rikodi imekwisha pita kwenye simu nyingi. Minada ya zamani haimsaidii, maana huenda mashine imejifunza humo humo; angepata sauti ya mlalamikaji hivi sasa angelinganisha. Ukumbi mzima ukamtazama Msabah na kitambaa chake.

Wakili wa Mahfoudh akanyanyuka. "Mheshimiwa, mambo ni mawili tu. Ama ile sauti ya dikoni aliisema mlalamikaji mwenyewe, na mteja wangu alighadhibika kama ambavyo angeghadhibika mtu yeyote. Ama imetengenezwa kwa mashine. Na Unguja nzima ni nani aliyekutwa na mashine yenye sauti ya Msabah? Ni huyu mwanamke. Kama imetengenezwa, basi kaitengeneza yeye, na damu ya kaka yake iko juu yake. Afungwe kwa zote mbili."

Nlisimama nkamwita mwana haramu, nkakalishwa na askari. Hasnain alitoa ushahidi kuwa siku ile ya Jumamosi mie nlikuwa sijui hata kitu chenyewe kinaitwaje. Wakili akamuuliza ana karatasi gani ya kuthibitisha nisichokijua.

Basi hakimu akamgeukia Msabah, akamwambia ajibu kwa kichwa tu, na ajue kuwa kila jibu linaandikwa.

"Kiapo cha msikitini, dada yako alitumia sauti yako bila ya idhini yako?"

Msabah akatikisa, hapana.

"Na sauti ile ya kwanza, ya dikoni, ya kwamba uliwaita doria. Ni ya mashine?"

Msabah alinitazama. Macho ya kaka yangu nnayajua, najua anavyotazama samaki kabla ya kumtaja bei, na nlishaona anachotaka kufanya. Nkaanza kupiga kelele, "Hapana, Msabah! Niache nifungwe, niache!" Askari akaniziba mdomo.

Akatikisa kichwa. Hapana, si ya mashine.

"Uliisema wewe?"

Akainamisha kichwa. Ndiyo.

Watu wa Uroa walioko nyuma wakaguna wote kwa pamoja, na mmoja akatema mate chini mle mle mahakamani. Mtu kala yamini juu ya msahafu kwamba hakusema, sasa anakubali kasema. Kwao hakuna tena cha kuzungumza, huyo si dalali, si jirani, akifa sijui nani atamzika. Mahfoudh alikuwa kajishika kichwa kwa mikono miwili. Alipewa kifungo cha nje, kwa kuwa alighadhibishwa. Mie mashtaka yakaanguka palepale, maana mwenye sauti kasema ya dikoni ni yake na ya msikitini kairuhusu.

Askari alinifungua pingu nje ya ukumbi. "Nenda nyumbani, mama," akanambia.

Msabah alikuwa ananingojea mlangoni, kanitolea mkono. Nlimwendea nkampiga kofi, la nguvu zangu zote, kwenye taya lile bovu, mbele ya askari na mbele ya watu wa Uroa waliokuwa wakishuka ngazi. Akapepesuka, akasimama tena palepale, uso kanielekezea. Nkampiga la pili.