Mutoto Niliyekatazwa Kubeba

Mutoto wangu wa kwanza alikaa muzima. Watatu waliomufuata walizaliwa njano mpaka ndani ya macho, na hakuna aliyemaliza juma. Wifi yangu, dada ya bwana yangu, akasema ni mimi ninawakula kwa uchawi. Tangu pale, kila mutoto akizaliwa katika ile familia, wifi alisimama mulangoni: «Wewe, hapana. Mikono yako ikae kwako.»

Nilikuwa tayari muzee waliponipasua tumbo, ndipo daktari akaniambia damu yangu iko negatif. Ukizaa mutoto wa positif, damu yake kidogo inaingia kwako, na mwili wako unajifunza kuichukia. Yule wa kwanza anapona. Wanaomufuata ndio wanalipa. Kumbe kuna sindano ya kuzuia, unapigwa kisha kuzaa, kabla siku tatu hazijapita. Mimi hakuna aliyenipiga.

Sikumuambia mutu. Niliiwekea hiyo habari siku yake.

Mwaka huu binti ya wifi akazaa wa kwanza, kule Ibanda. Nilikuwa nimepeleka uji. Muzalishi akasema: mama negatif, mutoto positif, sindano imeisha hapa, muitafute mu farmasi kabla siku tatu hazijapita.

«Hiyo ni ugonjwa gani?» wifi akauliza.

«Ni ile yangu,» nikajibu. «Ile uliita uchawi.»

Akavuta kitenge chake, akataka kutoka.

«Najua fasi sindano iko,» nikamuambia. «Utaipata siku utaniwekea huyu mutoto mikononi, bamama wote wakiona.»

Akakataa. Akashika njia, akazunguka farmasi zote za Kadutu, akarudi mikono mitupu. Kesho yake akazunguka tena. Hakujua kwamba ile siku ya kwanza, yeye akiwa bado njiani, niliileta sindano na binti akapigwa. Binti mwenyewe aliniambia akicheka: «Tantine, usimuambie kwanza. Acha atembee.»

Siku ya tatu asubuhi, bamama wa kwetu Cimpunda walikuwa wamejaa nyumbani kuona mutoto. Wifi akamuinua mutoto, akaninyooshea.

«Kamata.»

«Sema vizuri.»

«Kamata mutoto, wifi yangu. Haukula mutu.»

Nikamukamata. Alikuwa muzito, na macho yake meupe safi.

«Sasa kimbia, ulete sindano!»

«Alipigwa juzi.»

Bamama wakapasuka kucheka. Wifi akaketi chini. «Umenitembeza bure siku mbili!»

«Bado miaka uliyonikataza,» nikajibu.

Akanyoosha mikono nimurudishie mujukuu wake. Nikamuambia mikono yake ikae kwake.