Eda Katika Nyumba ya Magomeni

Siku yangu ya kwanza katika mfuko wa pensheni, Mkurugenzi wa Uwekezaji alinisimamisha dirishani, tukatazama watu wa Kariakoo wakihangaika na mizigo. Akaniambia hela tutakazozishika ni za watu kama wale watakapochoka, na atakayezipoteza asije kumtafuta. Niliingiwa na hofu, na haikunitoka mpaka nastaafu.

Nilianzia hati fungani, yaani kuikopesha serikali na kungoja faida. Kazi ya usingizi. Nilipohamishiwa kitengo cha majengo nikajitia kimbelembele: kwa nini tujenge maofisi tu? Tujenge Magomeni, nyumba za walalahoi. Mwenye kiwanja atoe ardhi, mfuko utoe mtaji; yeye apate nyumba yake ghorofani, wapangaji wake warudi kwa kodi nafuu. Wakubwa walicheka, lakini Bodi ikakubali kujaribu nyumba moja, kwa sharti kwamba kiwanja kiwe kitupu kabla mwaka wa fedha haujafungwa.

Nyumba yenyewe ilikuwa ya Bi Hadija, upande unaoteremkia Jangwani, ukuta wa uani umeinama kwa mafuriko. Alikubali upesi, na wapangaji wakaanza kufunga virago. Ndipo mume wa Zuhura, mpangaji wa chumba cha mwisho, akafariki, na Zuhura akaingia eda. Mimi Mkristo wa Kilimanjaro nilidhani ni matanga ya siku chache. Kumbe mjane hukaa miezi katika nyumba aliyofiwa, na mwaka wa fedha ungefungwa kabla hajatoka.

Zuhura mwenyewe alisema yuko radhi kuhama. Bi Hadija akamkatalia, kisha akanigeukia.

"Mwanangu, mjane hatolewi kwenye nyumba yangu. Waambie wakubwa zako wangoje."

Nilienda kuwaomba. Mwenyekiti wa Bodi, mzee mpole, alinisikiliza mpaka mwisho.

"Nakuelewa, mama. Lakini nikingoja eda hii, kesho nitaambiwa ningoje nini?"

Hela zikarudi kwenye hati fungani, na Magomeni haikutajwa tena. Niliumia sana.

Siku hizi vijana wa ofisini huja kuniamkia na kuniuliza namna ya kuzivuta hela kubwa ziende uswahilini. Nawaambia waombe muda kwanza ndipo waombe mtaji, maana watu wana misiba. Wananiitikia kwa adabu tu.

Masika yakianza, usingizi hunipaa. Juzi mvua ilikesha, na kulipokucha nikampigia Bi Hadija. Akapokea Zuhura, ambaye hajahama mpaka leo. Nikamwuliza kama ukuta bado umesimama. Nikasikia maji yakichotwa na kumwagwa.

"Leo tupo, mama," akasema.