Mbegu Zilizopandwa Ndani ya Bwawa

Kwa miaka kumi na tisa Kelebonye Mokgwathi amesoma kimo cha maji katika bwawa la Sekgwana, kila siku saa mbili asubuhi. Miaka mitatu ya mwisho hakukuwa na cha kusoma. Mbao za kupimia zilisimama kwenye tope lililopasuka, naye alipiga simu ofisi ya maji mjini, akasema, "Sifuri," akakata.

Mashamba yalipoungua kwa jua, alifanya walivyofanya wengi: akalima ndani ya bwawa, ambako udongo ulikuwa bado na unyevu. Kando ya mtama alipanda mbegu za matikiti ya marehemu mama yake, yale yanayopikwa pamoja na ugali wa mtama. Alizipanda zote. Hakubakiza hata kiganja nyumbani, na siku hizi hakuna mwingine kijijini mwenye mbegu hiyo.

Matikiti yalipobakiza siku kumi kukomaa, mawingu yakajaa. Lakini Sekgwana hakuna mtu anayeiambia mvua isubiri. Hata mazishi yakinyeshewa, watu hushukuru. Kelebonye hakuziomba siku hizo kumi.

Asubuhi iliyofuata alikuta mto umefurika na kumwagikia bwawani. Mtama ulikuwa umemezwa wote na maji. Wanawake walipiga vigelegele ukingoni, "Pula! Pula!" yaani mvua, mvua. Matikiti yalikuwa yakielea, yameshikiliwa na mashina yao tu.

"Mama Tebatso!" Keoagile, jirani yake mfuga ng'ombe, alimwita kwa jina la mwanawe. "Bwawa linajaa, wewe umenuna kama umefiwa. Ulitaka mvua ikuombe ruhusa?"

"Ng'ombe wako wamekunywa? Basi na wewe kunywa, unyamaze."

Keoagile akacheka. Kelebonye akainamisha kichwa. "Mbegu za mama zimo humo. Zote."

Kicheko kikakatika. Keoagile akavua viatu. "Twende basi."

"Bado dakika nane iwe saa mbili."

"Mbegu zinaondoka na maji, wewe unatazama saa!"

"Mji mzima unakatiwa maji, Keoagile. Wanasubiri namba yangu. Nikishaisoma, naingia."

Akasubiri. Mashina mawili yakakatika mbele ya macho yake, matikiti yakaelekea katikati, kwenye kina. Saa mbili kamili akasoma ubao: mita moja na sentimita arobaini. Ofisini walishangilia hadi akaisogeza simu mbali na sikio.

Kisha akafunga sketi kiunoni, wakaingia. Maji yaliwafika kifuani. Waliokoa sita.

Ukingoni akapasua la kwanza. Mbegu zilikuwa nyeupe, laini kama maziwa ya mgando. La pili hivyo hivyo. Alipolitupa la tano, Keoagile akamsogezea la mwisho.

La sita lilikuwa dogo kuliko yote, la shina lililotangulia kuota. Mbegu zake zilikuwa za kahawia. Akaing'ata moja. Ikalia kwenye meno.

"Zinatosha?" Keoagile aliuliza.

"Za kuanzia."

Akavua kitambaa cha kichwa, akazianika juu yake. Hazijakaa hata dakika tano, manyunyu yakaanza tena. Kelebonye akakikunja kitambaa haraka, akakisukuma ndani ya blauzi, akatazama juu.

"Pula," akasema, kwa mara ya kwanza siku hiyo.