Kizibao cha Mwenzangu

Mwenzangu niliyelala naye chumba kimoja chuoni alipata kazi kwenye mradi wa kusoma kabla hatujachukua hata vyeti. Yeye akaenda Iringa. Mimi nikarudi nyumbani Mbeya, nikaanza kujitolea katika shule ya msingi ya serikali kule Ilomba, nikapewa Darasa la Pili mkondo A huku nikisubiri tangazo la ajira. Kujitolea ni neno zuri sana likisemwa na mtu mwenye mshahara.

Kila alipotuma picha nilizikuza kwa vidole. Nilikichunguza kizibao chake cha bluu, nikajiuliza anaweka nini ndani ya mifuko yote ile. Niliangalia viatu. Nilisoma maandishi ya ukuta uliokuwa nyuma yake. Siku moja aliandika, "Niombee shoga, barabara za Mufindi zina utelezi," nami nikakaa na simu mkononi nikipima kama yale yalikuwa maombi au majivuno. Niliandika, "Mungu akutangulie." Nikafuta nukta, isije ikaonekana nimenuna. Nikairudisha, isije ikaonekana nina haraka.

Mradi wenyewe ulianzia mbali. Mataifa yalikaa mahali, yakakubaliana kwamba kila mtoto duniani akifika umri fulani awe anajua kusoma, na kusoma huko kupimwe. Sina ugomvi na hilo. Nilikuwa na watoto ambao nyumbani wanaongea Kisafwa au Kinyakyusa, na Kiswahili cha kitabuni kwao ni kama nguo ya kanisani, hakivaliwi kila siku. Lakini makubaliano yale yaliposhuka, kutoka mikutanoni hadi wizarani, wizarani hadi halmashauri, yalifika darasani kwangu yakiwa kishikwambi chenye saa. Mtoto anawekewa aya mbele yake, saa inaanza, dakika ikiisha yanahesabiwa maneno aliyosoma. Pamoja nacho kilikuja kiongozi cha mwalimu kinachoeleza niseme nini na watoto waitikie nini. Walioandika hawakutuamini hata kidogo, na sidhani kama walikuwa na ubaya. Mwalimu wa mkondo B, mama aliyekuwa karibu kustaafu, alikifunika kiongozi chake kwa gazeti vizuri kabisa, akakiweka kabatini, akaendelea kufundisha kama alivyofundisha siku zote. Mimi sikuwa na ujasiri huo. Mtu asiye na ajira hafungi kitu kabatini.

Kisha mwenzangu akapiga simu.

"Shoga, wanatafuta wawezeshaji wapya. Watachukua walimu wa kujitolea ambao madarasa yao yatafanya vizuri. Darasa lako likisoma, umeingia."

"Nani atakuja kupima?"

"Si ndio utamu wenyewe? Nakuja mimi."

Nilishukuru, na simu ilipokatika nikaanza kuumia. Nikipata, nitakuwa nimepata kwa mkono wake. Nikikosa, pia.

Alifika asubuhi ya baridi, watoto wamevaa masweta ya kila rangi juu ya sare. Gari la mradi liliegeshwa karibu na jiko la uji. Alinikumbatia, akanukia manukato, nikawaza mimi nimenukia chaki. Hata kuongea kulikuwa kumebadilika. Siku hizi alimaliza sentensi zake.

Nilimtanguliza msomaji wangu bora, binti ambaye bibi yake anauza viazi Mwanjelwa. Yule mtoto alisoma kila kitu, mifuko ya sukari, matangazo ya misiba, migongo ya magari. Saa ilipoanza alisoma kama mtu anayeshuka mlima anaoujua. Nilianza kujiona Iringa.

Hapo akaingia afisa elimu kata. Alitaka matokeo mazuri pengine kuliko mimi, na siku ile alikuwa amefunga tai. Binti akaweka kidole kwenye neno alilofikia, akasimama, akakunja goti.

"Shikamoo babu."

"Marahaba, marahaba mjukuu. Hujambo?"

"Sijambo."

"Bibi hajambo?"

"Hajambo, ila mguu."

"Bado ule mguu? Mwambie pole. Na viazi?"

"Vipo."

Kwetu mkubwa haachwi na salamu nusu, na mtoto haketi mpaka aachiwe. Binti alibaki amesimama, kidole kwenye neno. Afisa akamgeukia mwenzangu.

"Umeyaona malezi hayo? Huko Iringa mnayo?"

"Tunayo, mzee," akajibu mwenzangu, macho kwenye saa. Kishikwambi kikalia.

Afisa hakutoka. Alivuta kiti akaketi mlangoni ili ashuhudie, na watoto waliofuata, kwa kuwa waliona mwenzao amesifiwa, wakamsalimia mmoja mmoja katikati ya aya. Alimwitikia kila mmoja. Wengine aliwauliza wanatoka ukoo gani.

Walipoisha nilimvuta mwenzangu pembeni.

"Si unaweza kuwaanza upya?"

"Hairuhusiwi. Ukirudia, mfumo unaonyesha."

"Basi andika kwamba walikuwa wanasalimia."

Alinigeuzia kioo cha kishikwambi. "Nionyeshe wapi. Kuna mtoto anaumwa, kuna haoni vizuri, kuna amekataa kusoma. Nichague ipi?"

"Chagua amekataa. Si ndivyo mnavyotaka huko?"

"Usiwe hivyo, shoga," alisema taratibu, na utaratibu wake ndio ulioniudhi zaidi. Nikaangalia mifuko ya kizibao ili nisiangalie uso wake.

Matokeo yalipokuja, darasa langu lilikuwa karibu na mkia wa kata. Afisa elimu kata alisimama kwenye kikao cha walimu, akatikisa kichwa kwa huzuni. "Mwalimu, adabu watoto wako wanayo. Sasa wafundishe kusoma."

Sisi tuliofanya vibaya tulipewa nafasi ya pili, lakini kwanza tukapelekwa kujifunza kwenye shule ya mfano pale Nyololo, huko Mufindi. Nilikaa dirishani njia nzima nikiiandalia shule ile sababu. Watakuwa na watoto wachache. Watakuwa na vitabu. Watoto walikuwa wengi kama wangu, na vitabu walisoma kwa kuchangia. Aliyewafundisha alikuwa kijana wa kujitolea kama mimi, Mhehe mwembamba mwenye koti la kuazima. Watoto wake walisoma kama mahindi yanavyomiminwa debeni, na sisi tulipoingia hakuna aliyegeuza shingo. Nilimwonea wivu wa aina ambayo sikuwa nimewahi kumwonea hata mwenzangu. Mwenzangu alikuwa na kazi. Huyu alikuwa na darasa.

"Kaka, hawa hawasalimii wageni?" nilimuuliza baada ya walimu wengine kutoka.

"Wanasalimia sana. Angalia walivyokaa."

Nikaangalia. Alikuwa amepaka rangi nyeusi ukuta wa nyuma, akaufanya ubao, kisha akageuza madawati yote. Darasa zima liliupa mlango mgongo.

"Mtoto hamsalimii asiyemwona, dada. Hajakosa adabu. Wala mzee hajadharauliwa."

"Nani alikufundisha?"

"Njaa," akasema, akacheka.

Tukarudi Mbeya. Ilinichoma kwamba lilikuwa jambo dogo vile, na kwamba mimi ninayefikiria kila kitu, hata nukta, sikulifikiria hilo.

Wiki iliyofuata nilinunua rangi Mwanjelwa, mwalimu mkuu akaniruhusu, nikageuza darasa. Mwalimu wa mkondo B alikuja kuazima chaki, akakuta migongo.

"Mwanangu, mbona umewageuza hivi?"

"Ni kwa ajili ya kupimwa, mama."

"Kupimwa," alisema. Akapita katikati ya madawati, taratibu, mpaka mbele ya ubao mpya, akageuka akatutazama. Darasa zima likasimama. Aliitikia, akauliza habari za nyumbani, akachukua chaki zake akaondoka. Nilijua amenisema, lakini sikuweza kuonyesha neno lenyewe.

Mwenzangu aliporudi kupima, kila kitu kilikwenda kama Nyololo. Afisa elimu kata aliingia, akasimama mlangoni, akakohoa, akangoja. Akakohoa tena. Binti wa viazi alikuwa ameugeukia ukuta anasoma, akafika mwisho wa aya kabla ya saa kulia. Afisa alirekebisha tai, akasema, "Vizuri sana," lakini hakuna mtoto aliyejua ni yeye anayeambiwa. Mwenzangu alinibana mkono kwa furaha. Nilijaribu kutafuta majivuno katika mkono ule, sikuyapata, na hilo nalo lilinikera.

Nilipata kazi. Niliondoka kabla muhula haujaisha, kwa sababu mradi ulikuwa na tarehe zake. Nilimuuliza mwalimu mkuu nani atalichukua darasa, akanieleza bila kinyongo kwamba mimi kwenye ikama, ile hesabu ya walimu wa serikali, sikuwepo, kwa hiyo hata pengo langu halipo. Serikali haiwezi kuleta mwalimu kuziba nafasi ambayo haikuwahi kuwa na mtu. Watoto wangu wakaingizwa mkondo B.

Sasa naishi Iringa, nyumba moja na mwenzangu tena. Tunapika kwa zamu. Kizibao changu kinang'aa, chake kimepauka mabegani, na tukiingia shule yoyote walimu wanamsalimia yeye kwanza, maana kupauka kule ndiko kunakoonyesha nani mkubwa. Nikisema hayo atacheka, kwa hiyo sisemi. Kazi yetu ni kuzunguka Mufindi na Kilolo kuwapima watoto na kuwaambia walimu walikosea wapi. Katika kila shule namkuta wa kujitolea mmoja anayeniangalia viatu, namfahamu mara moja.

Nilipopata likizo nilikwenda Mbeya, na siku ya pili miguu ikanipeleka Ilomba. Sikupitia ofisini. Darasa la Pili lilikuwa chumba kimoja chenye watoto wa mikondo miwili, wamebanana kwenye madawati, wengine chini kwenye mikeka. Yule mama wa mkondo B alikuwa kwenye kiti, miguu ameinyoosha, macho ameyafumba. Binti wa viazi alisimama mbele akiwasomea wenzake hadithi ya sungura. Alikuwa akikimbia, maneno yanagongana, kama nilivyomfundisha.

"Taratibu," mama akasema bila kufumbua macho. "Nani anakukimbiza?"

"Hakuna."

"Basi huyo sungura ulivyomsoma, hata fisi hajamwona alivyopita. Mrudishe."

Wakacheka wote. Binti naye alicheka, kitabu mkononi. Muda wote niliomfundisha sikuwahi kumsikia akicheka na kitabu, na wivu ulionijia niliujua vizuri, ulikuwa ule ule wa zile picha za simu, ila sasa hapakuwa na kitu cha kukuza kwa vidole.

Mama akafumbua macho, akaniona mlangoni.

"Karibu, mwezeshaji. Umekuja kutupima?"

Zamani aliniita mwanangu. "Hapana mama. Nimekuja kuwaona tu."

"Basi ingia. Tupo katikati ya hadithi."

Niliingia nikasimama ukutani, kwa kuwa hapakuwa na pa kukaa. Nilitegemea binti ataomba kuanza upya kwa ajili yangu. Alitafuta mstari wake, akamrudisha sungura, akasoma taratibu, na kila alipomaliza sentensi aliinua macho kumwangalia mwalimu wake, aone kama amependa.